Ughali wa Mafuta ya Kupima

Saa kumi na mbili jioni, katika mitaa mingi ya Dar es Salaam, dukani kwa Mangi kuna foleni ya watoto. Mmoja ametumwa mafuta ya mia tano, mwingine robo ya sukari, wa tatu sabuni ya unga ya mia mbili na kiberiti. Mangi, jina ambalo wenye maduka ya mitaani wamebaki nalo hata kama hawajawahi kukanyaga Kilimanjaro, hana haraka. Anachota mafuta kwa kikombe kidogo, anamimina kwenye chupa ya mtoto, anapokea sarafu, anamwita anayefuata.

Nyumbani alikotoka kila mtoto kuna mtu anayeamini kwamba leo amebana matumizi, maana ametoa hela ndogo. Ukweli uko upande wa pili wa kaunta. Kipimo kidogo ndicho bei kubwa, na mwongozo wa kuokoa fedha ukitaka kumsaidia mkazi wa mjini uanzie hapo, kabla ya kumhubiria habari za soda na chipsi.

Jaribio lake halihitaji mizani. Achukue chupa tupu ya maji ya nusu lita, aikaushe vizuri, na kila mafuta ya kupima yanapoletwa ayapitishe humo kwanza, akihesabu ni vipimo vingapi vinaijaza. Tuseme vimefika 8 vya shilingi 500. Nusu lita imegharimu 4,000, kwa hiyo lita nzima ni 8,000. Ikiwa dumu la lita 5 katika duka hilo hilo ni 32,500, lita moja ndani yake inatoka 6,500. Familia inayomaliza lita 4 kwa mwezi inaacha dukani 6,000 kila mwezi, yaani 72,000 kwa mwaka, kwa bidhaa moja tu. Bei hizi ni za mfano. Za mtaani kwake msomaji atazipata kwa chupa yake mwenyewe, na huenda zikamshtua zaidi.

Wala Mangi si mwizi. Anafungua saa kumi na moja alfajiri, anavumilia mafuta yanayomwagika, anakopesha hadi mwisho wa mwezi, na wapo wanaohama mtaa bila kumlipa. Gharama zote hizo zimo kwenye kile kikombe. Tena mnunuzi wa kipimo si mjinga: anayelipwa kwa siku hanunui kwa mwezi, hanyimwi na hesabu bali na mfuko. Kwa hiyo shauri la "nunua kwa jumla", likitolewa hivi hivi bila kusema hela ya jumla itoke wapi, ni shauri la mtu aliyeshiba.

Njia inayowezekana ni kutoka kwenye kupima kwa bidhaa moja moja. Mtu achague kitu kimoja ambacho nyumba yake inakitumia kila siku na ambacho hakiharibiki: mafuta, sabuni, mchele, sukari, mkaa. Kwa wiki kadhaa aweke kando mia tano au elfu moja kwa siku, kwenye kibubu au kwa mtu asiyeombeka kirahisi, mpaka bei ya dumu itimie. Dumu likishaingia ndani, hela iliyokuwa ikienda kwa Mangi kila jioni iendelee kutoka vile vile, ila sasa iingie kwenye kibubu. Ndiyo itakayonunua dumu la pili kabla la kwanza halijakauka, na ziada yake itaanza kujenga gunia la mchele. Kinachohitajika ni mtaji wa jikoni, kama ule wa genge la nyanya: ukiliwa mara moja, biashara imekufa.

Kuna mtego hapa ambao wanaohubiri ununuzi wa jumla huupita kimyakimya. Dumu lililojaa hulegeza mkono. Mpishi aliyekuwa akiunga mchicha kwa kijiko anaanza kumimina, na mwisho wa mwezi lita 5 zimekwisha mahali ambapo zamani zilitosha lita 4. Faida yote imekaangwa. Dawa yake ni ya kizamani: dumu likae chumbani, jikoni ibaki ile ile chupa ya nusu lita, ijazwe kwa siku maalumu na si kabla. Tarehe ya kufungua dumu iandikwe kwa kalamu ubavuni mwake.

Nafaka zina hesabu nyingine, ya kalenda. Mikoa ya nyanda za juu kusini, Ruvuma, Rukwa, Mbeya, Iringa na jirani zake, huvuna mahindi kuanzia Mei hadi Agosti, na hapo ndipo bei hushuka. Kuanzia Desemba mpaka Machi, maghala yanapokaribia kukauka, hupanda. Anayenunua unga wa kilo mbili mbili hununua misimu yote miwili kwa bei ya siku. Mwenye gunia alilolinunua Julai anakula bei ya Julai mwezi Februari. Majirani wawili au watatu wanaweza kushirikiana: mmoja anakwenda soko la nafaka, Tandale kwa mfano, wote wanachangia nauli ya bajaji, gunia linagawanywa kwa mizani barazani. Kwa mizani, si kwa macho. Gunia la lumbesa, lile lililoshonewa kilemba juu, huonekana kama zawadi kwa mnunuzi, lakini limepigwa marufuku kwa sababu humpunja mkulima, na anayeligawa kwa macho hujikuta naye amepunjana na jirani yake.

Adui wa mpango huu ni dumuzi, yule mdudu ambaye wakulima wengine wamembatiza Scania. Mifuko ya kinga njaa humkomesha yeye na wenzake: tabaka mbili za plastiki ndani, mfuko wa kawaida nje, kila tabaka ikifungwa peke yake. Wadudu waliobaki ndani humaliza hewa yao wenyewe na kufa bila dawa. Sharti ni mahindi yawe makavu kweli. Kipimo cha nyumbani ni chumvi: mahindi theluthi ya chupa kavu ya kioo, vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, kutikisa dakika moja, kuacha robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi yana maji na yarudi juani. Isipoganda, yaanikwe siku moja zaidi kwa tahadhari, kisha yafungwe. Mfuko unaofunguliwa kila jioni huingiza hewa na kuwafufulia wadudu riziki, kwa hiyo mahindi ya kula wiki hizi yakae mbali na mahindi ya akiba.

Nishati ya kupikia ni kupima tena, safari hii kwa kopo. Mkaa wa kopo ukijumlishwa hadi kujaza gunia hutoa bei ambayo hakuna muuza gunia angethubutu kuitaja. Lakini kabla ya kufikiria gunia, kuna mambo yasiyohitaji mtaji. Maharage yalowekwe usiku. Asubuhi yataiva kwa moto mfupi zaidi. Yachemshwe ya siku tatu nne kwa pamoja, yagawanywe, yanayobaki yawekwe kwenye friza, hata kama ni ya jirani kwa makubaliano. Sufuria ifunikwe. Moto ukibaki baada ya chakula ufukiwe kwa majivu au uzimwe kwa kufunikwa, mkaa uliobaki uanze kesho. Na jiko la bati tupu libadilishwe kwa lenye ukuta wa udongo ndani, aina iliyoenea Kenya tangu miaka ya 1980 na sasa inapatikana katika masoko mengi ya Afrika Mashariki. Hupunguza mkaa kwa kiasi cha theluthi na zaidi, kwa hiyo bei yake hurudi mapema.

Halafu kuna umeme, na hapa hesabu yote ya Mangi inapinduka kichwa chini miguu juu. Kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, mwenye kununua kidogo ndiye anayepata nafuu.

Kwa bei zilizopangwa na EWURA, mdhibiti wa nishati Tanzania, mwaka 2016, mteja wa nyumbani wa matumizi madogo, kundi liitwalo D1, hulipa shilingi 100 kwa kila uniti mpaka uniti 75 kwa mwezi. Kuanzia ya 76, kila uniti ni 350. Ongeza kodi ya ongezeko la thamani asilimia 18, asilimia 3 ya umeme vijijini na asilimia 1 ya EWURA yenyewe, inakuwa 122 kwa uniti za mwanzo na 427 kwa zinazofuata. Uniti 75 zinanunuliwa kwa 9,150. Uniti 25 zinazofuata peke yake ni 10,675. Yaani robo ya mwisho ya uniti 100 ni ghali kuliko robo tatu zote zilizotangulia. Na anayezoea kuvuka 75 huhamishiwa kundi la matumizi ya kawaida, T1, ambako kila uniti, tangu ya kwanza, ni 292 kabla ya kodi, au 356 na senti baada yake.

Kwa hiyo nyumba inayotumia uniti 95 au 100 ndiyo yenye cha kuokoa kuliko zote, na mara nyingi tofauti iko darini. Balbu ya kizamani ya wati 60 ikiwaka saa tano kwa siku hula uniti 9 kwa mwezi. Ya LED ya wati 9 hula 1.35. Balbu tatu zikibadilishwa, uniti 23 zimeondoka, na zikiwa ni zile za bei ya juu, ni karibu shilingi 9,800 kila mwezi. Hakuna mboga ya kunyimana nyumbani inayoweza kufikia faida hiyo.

Hita ya kuchemshia maji ya wati 2,000, ikiwashwa nusu saa kila siku, ni uniti 30 kwa mwezi peke yake. Pasi nayo hula zaidi inapopata moto kuliko inapoendelea, hivyo nguo za wiki zipigwe siku moja badala ya shati moja kila asubuhi. Friji ipimwe kwa noti: ibanwe mlangoni, mlango ufungwe, noti ivutwe. Ikitoka kama imeteleza kwenye mafuta, raba ya mlango imechoka na baridi inavuja usiku kucha. Fundi wa mtaani huibadilisha. Jiko la presha la umeme huwatisha wengi kwa kuogopa LUKU, kumbe lenye wati 1,000 likipika maharage saa nzima haliwezi kuzidi uniti moja, na kwa kuwa hujizima na kujiwasha, hutumia pungufu ya hapo. Msomaji alinganishe na kopo la mkaa la mtaani kwake. Jambo la mwisho kuhusu LUKU: tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa humo, kwa kila mwezi, na mpangaji mwenye mita yake anayelipa kodi ya nyumba ya mtu mwingine ana haki ya kumkumbusha mwenye nyumba wanapohesabiana.

Simu ni Mangi wa mkononi. Makato ya kutoa fedha hupangwa kwa ngazi, kwa hiyo kutoa 10,000 mara tano na kutoa 50,000 mara moja si kitu kimoja. Tozo ya miamala ya simu ya Julai 2021, iliyozua kelele hadi ikapunguzwa mwaka huo huo, iliwafundisha Watanzania wengi kusoma meseji ya makato mpaka mwisho. Ni tabia ya kuiendeleza. Nchini Kenya, anayelipa dukani kwa namba ya till ya M-Pesa hakatwi, kwa hiyo kutoa pesa kwa wakala ili kumlipa mwenye duka aliye hatua tatu kutoka hapo ni kulipia matembezi. Bando nalo ligawanywe bei kwa megabaiti kama mafuta kwa chupa, na WhatsApp izuiwe kupakua video zenyewe. Kundi moja la ukoo lenye mjomba mpenda vichekesho linatosha kumaliza bando la siku kabla ya saa nne asubuhi.

Mkopo mdogo ndio kipimo kilicho ghali kuliko vyote, kwa sababu kinachopimwa humo ni pesa yenyewe. M-Shwari ya Kenya, iliyoanza 2012, hutoza ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Inasikika ndogo. Lakini anayekopa 1,000, akalipa, akakopa tena, miezi 12 mfululizo, amelipa ada ya 900 kwa kutumia ile ile 1,000. Na hiyo ni huduma halali yenye masharti yaliyoandikwa. Huko mitaani kuna mikopo ambayo Watanzania wameipa jina la kausha damu, na jina limetosha. Benki Kuu ya Tanzania imeweka ukomo wa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wadogo wenye leseni, na mwaka 2024 ilitangaza orodha ya programu za mikopo za mtandaoni zisizo na leseni. Kwa hiyo maswali mawili kabla ya kusaini: leseni iko wapi, na kwa mwezi ni asilimia ngapi. Anayejibu "usijali, ni kidogo tu kwa siku" ameshajibu.

Mwenye madeni ya aina hiyo asinunue dumu la mafuta wala gunia. Amalize deni kwanza. Hakuna bei ya jumla inayoshinda riba ya kila mwezi.

Sasa lile ambalo waandishi wa miongozo ya fedha hulikwepa: michango. Kadi ya harusi inakuja, kamati inapiga simu, kabla ya wiki kuisha kuna msiba, kipaimara, ukumbusho. Wapo wanaoshauri kukataa yote. Hilo ni shauri baya. Mtu anayechangia misiba ya wenzake amejikatia bima, na siku yake ikifika watu watajaa uani kwake na sufuria zao. Kinachoumiza ni kuchanga kwa kushtukizwa, kwa hela ya kodi. Anayetaka amani aketi na daftari lake, ahesabu alichotoa mwaka uliopita, agawanye kwa 12, na aweke kiasi hicho kando kila mwezi kama anavyoweka nauli. Msiba utangulie, ndugu wa karibu wafuate, na harusi ya mtu aliyesoma naye darasa moja miaka 15 iliyopita ipate kilichobaki. Ahadi itajwe mapema na iwe ya kiasi anachoweza kukitoa, kwa maana kamati hukumbuka ahadi kuliko hela.

Hela ya mkupuo hutoka wapi kwa mtu wa kipato cha siku? Wanawake wa pwani na bara wamelijibu swali hilo muda mrefu kwa mchezo, au upatu. Watu 10 wakitoa 20,000 kila mwezi, kila mmoja hupokea 200,000 kwa zamu yake, na kijumbe hukusanya. Wa kwanza kupokea amepata mkopo usio na riba. Wa mwisho amejiwekea akiba kwa kulazimishwa. Anayejijua hawezi kukaa na hela aombe zamu ya mwisho. Mwenye deni la kausha damu aombe ya kwanza, alifute, kisha alipe wenzake bila riba. Kijumbe achaguliwe kwa historia yake, si kwa ucheshi wake, na wachezaji wafahamiane kwa sura na kwa nyumba.

Kikoba kinakwenda mbele zaidi kwa kuwa kina hisa, mikopo ya wanachama na mgao wa mwisho wa mwaka. Mfumo wa aina hiyo ulianzishwa Niger mwaka 1991 chini ya shirika la CARE, ukasambaa Afrika nzima na kisanduku chake chenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti. Riba anayolipa mkopaji hurudi kwa wanachama wenyewe, jambo ambalo programu za mikopo za simu hazilifanyi. Ila jina la upatu limewahi kutumika vibaya. Mpango wa DECI ulipoporomoka mwaka 2009, maelfu ya Watanzania walioambiwa wapande mbegu hawakuvuna. Tofauti ni rahisi kuiona: katika mchezo wa kweli mtu hupokea jumla ya kile alichotoa, si zaidi, na hahitaji kuleta wanachama wapya ili alipwe.

Akiba ikizidi mahitaji ya miezi michache, ihame kwenye kibubu. Tanzania kuna vipande vya mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS, na wa kwanza wake, Mfuko wa Umoja, ulianza 2005; Kenya ilianza kuuza hati fungani za serikali kwa simu kupitia M-Akiba mwaka 2017, kwa kuanzia shilingi 3,000. Thamani ya vipande hupanda na kushuka, na hati fungani hufunga hela kwa muda, hivyo visiwekewe hela ya ada ya mwezi ujao.

Maana mwezi wa Januari upo. Wakenya wameubatiza Njaanuari, na Watanzania, pamoja na elimu bila ada iliyoanza 2016, bado wanakutana nao na orodha ya sare, viatu, madaftari na michango ya shule. Vikoba vingi huvunjwa Desemba, wiki chache kabla ya orodha hiyo, na hela hukutana na sikukuu njiani. Kikundi kinaweza kukubaliana kuvunja wiki ya kwanza ya Januari badala ya kabla ya Krismasi. Ni suala la kupiga kura kwenye kikao cha Februari, watu wakiwa bado wanakumbuka maumivu. Viatu vya shule vinunuliwe Agosti au Septemba, namba moja juu ya mguu wa sasa, wakati wauzaji hawana foleni na bado wanakubali kupunguza bei.